Kulea Mtoto wa Joka

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno haya yamepigwa chapa kama yalivyosomwa redioni, ili wanafunzi wayasome tena polepole pamoja na mwalimu wao. Maneno mapya na maswali yako mwisho.

Tafadhali kila mmoja awe na daftari na kalamu yake, maana leo tutasoma na pia tutapiga hesabu. Mwalimu wa darasa naye aweke chaki tayari karibu na ubao.

Siku chache zilizopita nilitembelea darasa moja la jioni. Somo lilipokwisha, bibi mmoja alinishika mkono, akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma. Mjukuu wangu ameletewa kimashine cha kuchezea, na kutwa yuko nacho. Nikimwuliza anafanya nini, anasema, Bibi, ninalea mtoto wa joka, usinishtue, yu karibu kugeuka. Sasa niambie, huo ni mchezo au ni uchawi?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Aliponyamaza kidogo akaongeza kwa sauti ndogo, "Tena mara nyingine huniletea kimashine hicho, akaniambia, Bibi, nisomee, hapa wameandika nini? Nami humwambia kwamba sioni vizuri, sina miwani."

Ndugu wasikilizaji, yule bibi macho yake ni mazima. Nilimwahidi kwamba nitamjibu maswali yake yote mawili kwa redio, lile alilouliza na lile ambalo hakuliuliza. Basi somo la leo ni lake, na ni letu sote.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo huu waitwa Pokémon. Ulianza kuuzwa katika nchi ya Japani tarehe 27 Februari, mwaka 1996. Aliyeubuni ni Bwana Satoshi Tajiri. Alipokuwa mtoto alipenda sana kukamata wadudu na kuwakusanya, na alipokuwa mtu mzima alitaka watoto wa mjini, wasio na vichaka vya kuwindia wadudu, waipate furaha ile ile. Kampuni yake, Game Freak, ikautengeneza mchezo, na kampuni ya Nintendo ikautoa kwa ajili ya mashine yake ndogo ya mkononi iitwayo Game Boy.

Ndani ya mchezo mna nchi ya kubuni, yenye miji, misitu, mapango na maziwa. Mchezaji husafiri humo, akakamata viumbe, akawalea, akawashindanisha na viumbe vya wachezaji wengine. Katika mchezo ule wa kwanza viumbe walikuwa aina 151. Siku hizi wamepita aina 1,000.

Basi bibi, si uchawi. Ndani ya mashine hamna joka wala pepo. Mna hesabu tu. Mashine huandika namba na kuzikumbuka: kiumbe huyu ana nguvu kiasi gani, amefika daraja la ngapi, anajua mbinu zipi. Kisha huzionyesha namba zile kwa picha juu ya kioo chake. Mtu anayemlea joka wa namna hii kwa kweli anatunza daftari la hesabu ambalo limevikwa ngozi ya mnyama.

JOKA HUYU NI WA NAMNA GANI

Sisi tukisema joka, twafikiri nyoka mkubwa. Huko Japani na Uchina hadithi za kale husimulia joka mrefu kama nyoka, akaaye majini na mwenye uwezo juu ya mvua. Joka wa mchezo huu ametoka katika hadithi za namna hiyo. Ana maumbo matatu, kama vile mdudu anavyoanza kuwa kiwavi kabla ya kuwa kipepeo.

Umbo la kwanza ni Dratini. Hebu tulisome jina hili kwa silabi: Dra-ti-ni. Mnaona? Ni jina la kigeni, lakini herufi zake zote mnazijua. Dratini ndiye mtoto. Ana rangi ya samawati, urefu wake ni mita 1.8, na uzito wake ni kilo 3.3 tu. Hukaa majini, na kila anapokua hujivua ngozi yake ya zamani kama afanyavyo nyoka. Katika mchezo husemwa kwamba watu walidhani yeye ni hadithi tupu, mpaka walipoona kundi lao dogo likiishi chini ya maji.

Umbo la pili ni Dragonair. Huyu ana urefu wa mita 4, na uzito wa kilo 16.5. Shingoni na mkiani ana vito vya mviringo, na husemwa kwamba aweza kubadili hali ya hewa.

Umbo la tatu na la mwisho ni Dragonite. Hapa joka hupata miguu minene na mabawa. Urefu hupungua ukawa mita 2.2, lakini uzito hupanda mpaka kilo 210, yaani zaidi ya mara 63 ya uzito wa Dratini. Husimuliwa kwamba huweza kuizunguka dunia nzima kwa saa 16, na kwamba huwaokoa watu waliovunjikiwa na chombo baharini.

Tusiangalie umbo peke yake. Mashine hupima kila kiumbe kwa namba sita: uhai, kushambulia, kujilinda, kushambulia kwa namna ya pekee, kujilinda kwa namna ya pekee, na mbio. Ukizijumlisha namba sita za asili za Dratini utapata 300. Za Dragonair ni 420. Za Dragonite ni 600. Kwa hiyo mtoto huyu akikua, nguvu zake za asili huwa mara mbili kamili. Ndiyo sababu watoto wengi wamtaka, na ndiyo sababu mjukuu wa bibi yetu hataki kushtuliwa.

HESABU YA KUKUA

Sasa mwalimu ashike chaki.

Kiumbe wa mchezo huu akishinda pambano hupewa alama za uzoefu. Alama zikitosha, hupanda daraja moja. Daraja la mwisho ni la 100. Dratini hugeuka kuwa Dragonair akifika daraja la 30, na Dragonair hugeuka kuwa Dragonite akifika daraja la 55.

Lakini viumbe hawakui kwa mwendo mmoja. Wako wepesi na wako wazito. Dratini yumo katika kundi la wazito. Kanuni ya kundi lake ni hii: chukua namba ya daraja, izidishe kwa namba hiyo hiyo, kisha uzidishe tena kwa namba hiyo hiyo. Utakachopata ukizidishe kwa 5, kisha ukigawanye kwa 4.

Tujaribu daraja la 30. 30 mara 30 ni 900. 900 mara 30 ni 27,000. 27,000 mara 5 ni 135,000. Gawanya kwa 4, utapata 33,750. Hizo ndizo alama ambazo Dratini lazima awe nazo ili ageuke mara ya kwanza.

Daraja la 55 fanyeni wenyewe baadaye. Jibu lake, ukiliacha salio, ni 207,968.

Sasa tazameni namba hizi mbili ubaoni, maana hapa ndipo watu wengi hukosea. Mtu akiona joka lake liko daraja la 30 naye ataka 55, hujiambia, "Nimekwisha pita nusu ya njia." Kwa hesabu ya madaraja ni kweli, maana nusu ya 55 haifiki 28. Lakini kwa hesabu ya kazi si kweli hata kidogo. 33,750 haifiki hata sehemu moja katika sita ya 207,968. Bado zimesalia alama 174,218. Kazi kubwa iko mbele, wala haiko nyuma.

Mlinganishe na kiumbe mwingine. Yuko kiwavi mmoja katika mchezo huu aitwaye Caterpie. Akifika daraja la 7 hujifunga ndani ya gamba, na daraja la 10 huwa kipepeo. Alama zake zote ni 1,000 tu, na mtoto aweza kummaliza kwa jioni moja. Alama zinazotakiwa kwa Dragonite ni zaidi ya mara 207 ya hizo. Mwenye kiwavi atafurahi mapema, na hapana ubaya. Lakini mwenye Dratini asijilinganishe naye, akasema joka lake ni bovu kwa kuwa bado ni dogo. Dratini si mbovu. Amepewa kanuni ndefu zaidi.

PEREMENDE NA MLEZI WA KULIPWA

Ziko njia mbili za kukwepa kazi hii, na mchezo wenyewe wazitoa. Yafaa tuzijue zote mbili na gharama zake.

Njia ya kwanza ni peremende adimu. Katika michezo ya zamani hazikuuzwa dukani; mchezaji aliziokota moja moja safarini. Kila peremende humpandisha kiumbe daraja moja papo hapo, bila pambano. Basi mtoto mwenye peremende nyingi aweza kumlisha joka wake mpaka daraja la 55 bila ya joka huyo kupigana hata mara moja.

Lakini mashine hukumbuka. Katika michezo ya miaka ile, kila kiumbe alipomshinda adui alipata vitu viwili: alama za uzoefu zinazoonekana kwenye kioo, na mazoezi ya mwili ambayo hayaonekani. Peremende ilitoa daraja, wala haikutoa mazoezi. Kwa sababu hiyo Dragonite wawili wa daraja la 100 waliweza kutofautiana kwa alama zaidi ya 60 katika nguvu moja moja, yule aliyepigana akiwa juu na yule wa peremende akiwa chini. Namba ya daraja ilikuwa sawa, lakini nguvu hazikuwa sawa.

Njia ya pili, katika michezo ya zamani, ni kumpeleka joka kwa mzee mmoja anayelea viumbe vya watu kwa malipo. Huko kiumbe hupata alama 1 kwa kila hatua moja ambayo mchezaji atembea. Tupige hesabu. Dratini wa daraja la 15 ana alama 4,218. Ili afike 33,750 ahitaji alama 29,532, yaani mchezaji atembee hatua 29,532. Malipo yake, kwa fedha ya mchezo, ni 100 kwa kila daraja aliloongeza, na 100 nyingine juu yake. Madaraja 15 ni 1,500, ongeza 100, jumla 1,600.

Si ghali. Lakini kuna mambo mawili. La kwanza, kiumbe hageuki umbo akiwa huko. Lazima arudi kwa mwenyewe, apande daraja jingine mkononi mwake, ndipo ageuke. La pili, akijifunza mbinu mpya huko naye ana mbinu nne tayari, mzee yule hamwulizi mwenye kiumbe. Mbinu ya zamani hufutwa, na mpya huingia mahali pake. Mwenyewe akirudi humkuta mtoto amekua, lakini amesahau aliyofundishwa nyumbani.

MASWALI YA MZEE WA PANGO

Katika mchezo uitwao Pokémon Crystal, uliotolewa huko Japani mwaka 2000, mchezaji aweza kupewa Dratini kama zawadi. Aliye naye ni mzee wa ukoo wa walezi wa majoka, akaaye ndani ya Pango la Majoka. Mzee huyu huuliza maswali matano kwanza. Huuliza viumbe hawa ni nini kwako: ni marafiki, au ni watumwa wako? Huuliza jambo gani ni kubwa katika kuwalea: ni upendo, ni ukatili, au ni maarifa? Huuliza pia ni yupi mwenye maana zaidi, kiumbe mwenye nguvu au kiumbe dhaifu. Na hapo jibu analolitaka ni kwamba wote wawili wana maana.

Ukikosea, hakufukuzi, hukwambia ujaribu tena. Lakini ukijibu yote vema mara ya kwanza, Dratini utakayepewa, akiwa daraja la 15, huja na mbinu moja ambayo Dratini wengine hawana: mbinu ya kasi kubwa, ambayo humwezesha kumpiga adui kabla adui hajanyanyua mkono.

Hapa nitawaambia kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa na miaka 12, jirani mmoja alinigawia mashine ya zamani pamoja na mchezo huo. Kiingereza changu kilikuwa cha kusalimia tu. Binamu yangu, aliyekuwa sekondari, ndiye aliyenisomea yale maswali matano. Alinifasiria kwa Kiswahili, mimi nikajibu, naye akanionyesha jibu langu liko wapi kwenye kioo. Tukapata Dratini mwenye mbinu ya kasi. Nilifurahi kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Binamu akarudi shuleni. Nikaendelea kumlea peke yangu. Joka lilipofika daraja la 22, mashine ikasimama, ikaandika maneno mengi, ikangoja nijibu. Sikujua imeandika nini. Niliona haya kwenda kuuliza mtu, maana nilikwisha jigamba mtaani kwamba mimi ni fundi wa mchezo huu. Nikabonyeza ndiyo. Ikaonyesha orodha ya maneno manne. Nikachagua moja kwa kubahatisha. Ikaandika tena, nikabonyeza tena.

Likizo ilipofika binamu alikishika kimashine, akatazama, akaniuliza, "Ile mbinu ya kasi iko wapi?" Ndipo nilipojua. Kiumbe hawezi kuwa na mbinu zaidi ya nne. Mashine iliniuliza kama nataka joka lijifunze mbinu mpya, na iwapo nataka, ni ipi kati ya zile nne isahauliwe. Nami nilikuwa nimeifuta ile ya kasi kwa kidole changu. Sikuweza kuirudisha.

Mbinu mpya iliyoingia ilikuwa hasira ya joka, ambayo katika michezo ile humpunguzia adui alama 40 kila mara, wala haizidi wala haipungui. Kwa adui mwenye uhai wa alama 50 ni pigo kubwa, kwani husaliwa na 10. Kwa adui mwenye alama 300 ni kama kumrushia kokoto. Nilibadilisha mbinu ya kudumu kwa mbinu ya muda, na sikudanganywa na mtu. Maneno yalikuwa mbele ya macho yangu, na niliyapita kwa sababu niliona haya kusema kwamba sijui.

SIKU YA KUGEUKA

Joka likifika daraja la 30, kioo hubadilika. Umbo la Dratini huanza kumetameta, na muziki hupigwa. Wakati huo mchezaji akibonyeza kitufe chenye herufi B, mageuzi husimama, na Dratini hubaki Dratini. Liko pia jiwe ambalo kiumbe akilishika hageuki kabisa.

Kwa nini mtu amzuie? Kwa sababu Dratini asiyegeuka hujifunza baadhi ya mbinu mapema kuliko Dragonair. Wako walezi wamngojao kwa makusudi, akajifunza kwanza akiwa mdogo, kisha wakamruhusu ageuke. Mageuzi yaliyozuiwa kwa kitufe hayapotei. Daraja lifuatalo mashine huyaleta tena. Basi bibi, ukimwona mjukuu wako akibonyeza haraka wakati wa muziki, labda hakosei. Mwulize sababu yake.

Daraja la 55 ndiyo siku kubwa. Na hapa nina jambo la kuwachekesha. Katika michezo ya mwaka 1999 na 2000 yuko bingwa wa majoka aitwaye Lance. Bwana huyu hupigana na mchezaji akiwa na Dragonite watatu, wa daraja la 47, la 47 na la 50. Haya, hesabuni. Dragonair hageuki mpaka daraja la 55. Basi Dragonite wa daraja la 47 amepatikanaje? Mchezo haujibu. Mkubwa amepitia mlango wake, na sisi wengine twafuata kanuni. Lakini zaidi ya hayo, watoto wengi humshinda Lance pamoja na Dragonite wake wa haraka.

Joka likishakuwa kubwa lisidhaniwe kwamba sasa halina hatari. Dratini akipigwa na barafu huumia mara mbili. Dragonite, kwa kuwa ni joka na pia ni kiumbe wa angani, huumia mara nne. Pigo la barafu ambalo lingemtoa mwingine alama 20 hutoa 40 kwa joka la kawaida, na 80 kwa joka lenye mabawa. Yule aliyeongezewa nguvu ameongezewa pia mahali pa kuumizwa, na mlezi wake lazima alijue hilo kabla ya pambano.

MCHEZO WA SIMU

Tangu mwaka 2016 upo pia mchezo wa jamii hii unaochezwa kwa simu, uitwao Pokémon GO. Huko joka hageuki kwa daraja, bali kwa peremende za jamii yake mwenyewe. Kutoka Dratini kuwa Dragonair ni peremende 25, na kutoka Dragonair kuwa Dragonite ni 100; jumla 125. Kwa kawaida ukikamata Dratini mmoja wapata peremende 3. Gawanya 125 kwa 3: inakupasa ukamate Dratini 42. Au waweza kutembea na Dratini wako kama mwenzi wa safari, naye hupata peremende 1 kwa kila kilomita 5. Kwa njia hiyo peke yake, 125 mara 5 ni kilomita 625, tena kwa miguu. Mmeona kwamba hata walipobadilisha kanuni, hawakuifanya njia ya joka huyu kuwa fupi.

JIBU LA SWALI LA PILI

Sasa namrudia yule bibi, na kila mmoja wenu ambaye amewahi kusema hana miwani.

Mchezo huu haukuandikwa kwa Kiswahili, nawe huwezi kumsomea mjukuu wako maneno yote. Lakini tarakimu zake ni zile zile tunazoandika ubaoni, na herufi zake ni zile zile mnazojifunza. Jina la Dratini umekwisha lisoma leo. Namba 30 na 55 wazijua. Basi mtoto akikuletea kimashine, kaa naye. Mwambie kweli: "Mjukuu wangu, mimi najifunza kusoma. Maneno haya sijayaweza bado, ila namba naziona. Joka lako liko daraja la 29. Bado moja." Mtaona mtoto atakavyofungua macho. Na akifika mahali ambapo mashine yauliza swali naye hajui, mwambie asibonyeze mpaka mtafute mtu wa kuwasomea. Mimi sikuambiwa hivyo, na mmesikia nilichopoteza.

Kilichopotea kwangu kilikuwa mchezo. Lakini kidole kile kile chaweza kutia alama ya dole gumba kwenye karatasi ya shamba, au ya mkopo, kwa haya ile ile. Mashine humwuliza mtu mara moja, ikafuata jibu lake. Karatasi nayo ni hivyo hivyo.

Wako kati yenu walioanza darasa hili pamoja na majirani zao, nao majirani sasa wanasoma magazeti, na ninyi bado mwasoma silabi. Msivunjike moyo. Andikeni usiku huu katika daftari namba ambazo mwaziona ngumu, na wiki ijayo mje nazo.

Kwaherini, na jioni njema.

MANENO MAPYA

Alama za uzoefu: namba anazopewa kiumbe wa mchezo akishinda pambano.
Daraja: cheo cha kukua, kutoka 1 mpaka 100.
Kugeuka: kubadili umbo na kuwa kiumbe mkubwa zaidi.
Kitufe: kidude cha kubonyeza kwa kidole.
Salio: kinachobaki baada ya kugawanya.
Adimu: kisichopatikana kwa urahisi.

MASWALI

1. Soma kwa silabi: Dra-ti-ni. Kisha liandike jina hilo mara tatu.
2. Dratini ana kilo 3.3, na Dragonair ana kilo 16.5. Dragonair ni mzito mara ngapi?
3. Tafuta alama zinazotakiwa kwa daraja la 20 kwa kanuni uliyojifunza. (Jibu: 10,000.)
4. Piga hesabu ya daraja la 55 kwa kanuni ile ile. Je, umepata 207,968 na salio?
5. Kwa nini Dragonite wa peremende alikuwa dhaifu kuliko mwenzake wa daraja lile lile?
6. Mzungumze darasani: ni karatasi gani umewahi kuitia alama bila kujua imeandikwa nini? Asiyependa kusema asilazimishwe.